Wageni wamejaa Zanzibar, mbona duka langu halijai?

*"Assalamu alaykum. Nina duka la zawadi za wageni Mji Mkongwe, karibu na Mtaa wa Gizenga, tangu 2014. Kabla ya korona, msimu ukiwa mzuri, nilikuwa nauza hadi milioni 6 kwa mwezi. Mwaka 2020 nilifunga, nikauza dhahabu yangu kulipa kodi ya duka. Tangu nifungue tena sijafika hata nusu ya zamani: msimu wa wageni napata kama 2,800,000, masika na Novemba 1,100,000. Kitu ninachouza 10,000 huwa nimekinunua 5,000. Nusu ya wateja wanaletwa na watembeza wageni, nao nawapa asilimia 20. Kodi ni 450,000 kwa mwezi, msichana wangu namlipa 200,000, umeme na mengineyo 90,000. Mwaka jana nilikopa benki milioni 12 nikajaza duka, mzigo ukafika kama milioni 15. Narejesha 620,000 kila mwezi, imebaki miezi 14. Mara mbili nimekopa kwenye simu ili nisikose rejesho. Chakula cha nyumbani ni cha mume wangu, ila ada za watoto, kama 150,000 kwa mwezi, zinatoka dukani. Mzigo uliobaki ni wa milioni 9 hivi kwa bei ya kununulia. Kama milioni 6 ni vinyago vikubwa na picha za tingatinga. Kanga, vikoi na mikoba ndivyo vilivyokwisha, duka linaonekana tupu. Kaka yangu anasema wageni wamejaa kuliko hata zamani, kinachonikwamisha ni mtaji tu, nikope milioni 15 nyengine (rejesho 790,000 kwa miezi 24) nijaze tena. Shoga yangu anasema nihamie Paje. Mimi usiku silali. Nifanye nini?"*

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Kwanza ahsante kwa kuandika na namba. Wengi wananiandikia "biashara mbaya" basi, na mtu huwezi kumsaidia kwa neno hilo. Wewe umeleta karibu kila kinachohitajika, na majibu mengi yamo ndani ya barua yako mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza: kama wageni wamerudi, mbona kwangu hawafiki? La pili: je, mkopo mpya utaniokoa? Nitaanza na la kwanza, maana kaka yako amejenga ushauri wake wote juu yake.

Kwa upande wa wageni kaka yako yuko sahihi. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 260,000, chini ya nusu. Mwaka 2022 walikuwa wameshapita idadi ya 2019, mwaka 2023 wakafika kama 638,000, na mwaka 2024 wakazidi 736,000. Kwa hiyo mtu akisema kisiwa kimejaa, hasemi uongo.

Lakini idadi ya wanaoingia kisiwani si idadi ya mlangoni kwako. Mgeni anahesabiwa akiingia kisiwani. Wewe unamhitaji atembee kwa miguu mbele ya duka lako, akiwa na nafasi kwenye begi na muda wa kusimama. Hapo katikati mambo mengi yamebadilika. Kumbuka msimu wa mwishoni mwa 2020 na mwaka 2021, Ulaya Magharibi bado imejifungia, sisi tukapokea Warusi na Waukraine waliokuja kwa ndege za kukodi. Wengi walipelekwa moja kwa moja kwenye hoteli za ufukweni, chakula na kinywaji vimeshalipwa, wakaona Mji Mkongwe nusu siku au wasiuone kabisa. Februari 2022 vita vikaanza, mamia ya Waukraine wakakwama hapa, na njia ile ikakatika kwa muda. Baadaye Wafaransa, Waitaliano, Wapolandi na wengine wakaongezeka. Kila kundi lina tabia yake ya kununua, na kila mara wafanyabiashara wa mjini tumejikuta tumejaza mzigo wa kundi lililokwishaondoka.

Vyumba vipya navyo vimejengwa zaidi mashamba: Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Mgeni wa Kiwengwa anakuja mjini kwa gari la matembezi, anapewa saa mbili tatu za kuona Ngome Kongwe, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini na milango, kisha gari linamsubiri. Katika saa hizo ataingia maduka mawili au matatu, na anayechagua maduka hayo ni yule anayemtembeza. Ndiyo maana nusu ya wateja wako wanaletwa. Nusu nyingine, wanaolala mjini na kuzurura wenyewe, ndio waliojaza duka lako enzi zile za milioni 6, na mlango wako sasa unagombania wageni hao na milango mingi zaidi inayouza vitu vile vile. Simama Gizenga saa nne asubuhi uangalie: picha ile ile ya tembo watatu na jua jekundu, duka baada ya duka.

Kwa hiyo usijipime tena kwa 2019. Najua inauma, hasa mtu aliyeuza dhahabu yake ili asipoteze fremu. Lakini hesabu za duka hili zianzie leo.

Basi tuhesabu. Katika kila shilingi 100 unayouza, 50 inarudi kununua mzigo. Nusu ya mauzo yako yanakatwa asilimia 20 ya watembeza wageni, yaani wastani wa shilingi 10 katika kila 100. Unabaki na 40. Hiyo 40 iandike mahali unapoiona kila siku, kwa sababu kila uamuzi utakaofanya mwaka huu unategemea hiyo.

Mwezi wa msimu: 2,800,000 inakuachia 1,120,000. Toa kodi, mshahara, umeme na mengineyo, jumla 740,000. Inabaki 380,000. Mwezi wa masika: 1,100,000 inakuachia 440,000, toa 740,000 ile ile, unapungukiwa 300,000. Tukichukua miezi saba ya wageni na mitano ya ukame wa wageni, mwaka mzima duka linabakisha kama 1,160,000. Halafu ndiyo uanze kulipa benki 7,440,000 kwa mwaka na ada 1,800,000.

Hapa kuna habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema ni kwamba duka lenyewe, bila deni, halijafa. Linahema. Maduka mengi ninayoyaona yanapata hasara hata kabla ya kugusa mkopo, na kwa hayo ushauri wangu huwa mfupi. Mbaya ni kwamba kinachohitajika kila mwaka ni zaidi ya milioni 9, na duka linatoa milioni moja na kidogo.

Sasa jiulize: kama mkopo ule ulikuwa wa miezi 24 na imebaki 14, miezi kumi hii umelipa benki milioni 6.2 na ada milioni 1.5. Fedha hizo zimetoka wapi? Faida haikutosha. Angalia rafu zako. Mzigo ulikuwa milioni 15, sasa ni 9. Milioni sita zilizopungua ndizo zilizokwenda benki na skuli. Kanga, vikoi na mikoba ndivyo vinavyouzika haraka, kwa hiyo kila vilipouzwa fedha yake haikurudi kununua vingine, ililipa rejesho. Vinyago na picha havikuuzika, vikabaki. Marejesho umeyalipa kwa kanga, dada. Duka linaonekana tupu kwa sababu mkopo ule wa kwanza umekula bidhaa zinazotembea na kukuachia zinazolala.

Hili ndilo kaka yako halioni, na simlaumu, maana kwa macho rafu tupu inafanana na ukosefu wa mtaji. Lakini piga hesabu. Kwa mwaka mzima, wastani wa mzigo unaotoka dukani kwa bei ya kununulia ni kama milioni moja na nusu laki kwa mwezi. Wewe una mzigo wa milioni 9. Hiyo ni akiba ya zaidi ya miezi minane. Ukiongeza milioni 15, utakuwa na mzigo wa karibu miaka miwili ndani ya fremu moja ya Mji Mkongwe, na unajua joto na unyevu wetu ulivyovifanya vinyago vyako wakati umefunga.

Na rejesho jipya? Ukibakiwa na 40 katika kila 100, kulipa 790,000 kunahitaji mauzo mapya ya karibu 1,975,000 kila mwezi, juu ya yale ya sasa, masika yakiwemo. Ukijumlisha na rejesho la zamani unahitaji zaidi ya milioni 3.5 za ziada kila mwezi. Hakuna mzigo ninaoujua utakaofanya hivyo kwa kuwekwa tu rafuni. Kwa hiyo jibu langu kwa milioni 15 ni hapana, na ningelisema vivyo hivyo hata kama benki ingelikupa bila riba. Hata mkopo wa halali kabisa, ukinunua mzigo usiotoka, unabaki kuwa deni.

Mikopo ya simu nayo iwe mwisho. Muda wake ni mfupi na makato yake ni makali. Ukilipa rejesho la benki kwa mkopo wa simu, umehamisha tatizo la miezi 14 kulifanya la wiki chache. Kabla hujapakua programu yoyote, hakikisha aliye nyuma yake ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, mengine yakiwa yamezoea kuwapigia ndugu na majirani wa mkopaji ili kumwaibisha. Watu hawakuyaita "kausha damu" kwa utani.

Basi kinachowezekana ni nini? Nianze na benki, kwa kuwa ndipo watu wanapochelewa zaidi kwa sababu ya haya. Wengi wanadhani kwenda kwa ofisa mikopo na kusema "siwezi kuendelea hivi" ni kujichongea. Fikiria kwa upande wake. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 unaingia kwenye hesabu za mikopo chechefu, na benki inalazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayoweza kutokea. Mteja anayekuja akiwa bado hajakosa hata rejesho moja ana nguvu ya kuzungumza ambayo mteja wa siku ya 91 hana. Wewe hujakosa. Nenda sasa, uombe marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi, na uombe jambo ambalo wengi hawaliombi: yafuate msimu. Tuseme wakakubali wastani wa 350,000 kwa mwezi. Omba ulipe 450,000 katika miezi saba ya wageni na 210,000 katika mitano ya ukame. Jumla ya mwaka ni ile ile, milioni 4.2. Nakwambia wazi kwamba utalipa zaidi kwa jumla, kwa sababu muda ukirefuka gharama inaongezeka. Unanunua pumzi, na pumzi ina bei. Usikubali "kuongezewa" mkopo mpya mkubwa unaomeza wa zamani na kukupa fedha taslimu juu yake. Hicho ni kile kile cha kaka yako kwa jina jingine.

Kama riba inakusumbua kwa upande wa dini pia, zungumza na dirisha la Kiislamu la benki, PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wanalo, ujue kama mkataba wa aina nyingine unawezekana kwa mzigo mdogo huko mbele. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, nao wana mikopo ya masharti nafuu kwa wajasiriamali. Mpango wa aina hiyo uliimarishwa na fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19.  Lakini kwako hayo ni ya baadaye, baada ya hesabu kukaa sawa. Mkopo nafuu usije ukatumika kuziba pengo la mkopo ghali huku duka likivuja pale pale.

Pili, mwenye fremu. Kodi ya 450,000 ilipangwa kwa duka la milioni 6. Mweleze hivyo, na umpelekee kitu, usimpelekee malalamiko tu: kwa mfano kulipa miezi mitatu mitatu bila kuchelewa, akishusha hadi 350,000. Akikataa, muombe ruhusa ya kumpangisha mtu nusu ya duka, fundi cherehani wa kushona magauni ya kitenge au muuza viungo. Vinyago vikitoka, nafasi utakuwa nayo. Kama fremu ni ya wakfu, mazungumzo ni na Kamisheni ya Wakfu, na hapo peleka barua ya maandishi, usitegemee maneno ya mdomo. Laki moja kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni 1,200,000, zaidi ya faida yako yote ya sasa.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, vinyago. Una milioni 6 zimesimama ukutani. Mgeni wa ndege ya bei nafuu mwenye kilo chache za mzigo hatabeba twiga wa mita moja, hata ukimpa nusu bei. Mteja wa kitu kile hayumo mtaani kwako tena, lakini yumo kisiwani. Tazama nyumba zinazojengwa: Fumba, Paje, Jambiani, vyumba vya kupangisha wageni kwa siku, hoteli ndogo zinazofunguliwa. Kila ukuta mpya unatafuta picha, na kila sebule inatafuta kitu cha kusimama pembeni. Piga picha nzuri za kila kitu kikubwa, andika vipimo na bei, zunguka na simu yako kwa wenye nyumba hizo na kwa wanaozisimamia. Wauzie kwa pamoja, vitano kwa bei moja. Ukipata nusu ya ulichonunulia, milioni 3, shukuru Mungu. Najua kuuza kwa hasara kunachoma roho. Lakini hasara hiyo imeshatokea siku mzigo ulipolala. Unachofanya sasa ni kukitoa kilichobaki.

Milioni 3 hizo zigawe: milioni 2 zirudishe kanga, vikoi, mikoba na vitu vidogo vinavyoingia kwenye begi la mkononi. Milioni moja iweke pembeni kwa ajili ya masika, usiiguse Desemba hata ukiona msimu mzuri. Na unaponunua mikoba ya ukili, jaribu kwenda kwa wasukaji wenyewe, Pemba au kusini ya Unguja, badala ya jumla ya mjini. Unachoweza kuokoa hapo kinaingia moja kwa moja kwenye ile 40.

Kuhusu watembeza wageni, sikushauri ugombane nao. Asilimia 20 inauma, lakini nusu ya mauzo yako inapita mikononi mwao, na mtu akiwatukana papasi, yaani watembeza wageni wa mitaani, wote kwa pamoja hujikuta mlango wake unapitwa mbio. Jambo la kufanya ni kuongeza ile nusu nyingine. Duka lako liwemo kwenye ramani za Google likiwa na picha za sasa, saa za kufungua na alama za wateja. Mgeni anayezurura siku hizi anaangalia simu kabla hajaangalia kibao. Weka mashine ya kadi. Benki itakata asilimia chache, lakini mgeni asiye na fedha taslimu akitoka "kutafuta ATM" ni nadra kurudi. Bei ziandikwe, na ziandikwe kwa shilingi, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni.

Kisha fikiria kuuza kitu kisicho na uzito kabisa. Wewe ni Mzanzibari, unajua kanga zaidi ya msichana yeyote wa hoteli. Nusu saa ya kumfundisha mgeni namna za kufunga kanga, kumsomea jina lililoandikwa na kumweleza linasemwa kwa nani na kwa nini, ni kitu anachoweza kulipia, na ataondoka amenunua kanga ile. Hina pia. Gharama ya mzigo hapo ni ndogo, kwa hiyo katika kila 100 unabaki na zaidi ya 40. Anza na wageni wanaoingia wenyewe, uone kama wanavutika, kabla hujachapisha vibao.

Na usiwasahau wenyeji. Miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na mwanzo wa masika, maana yake wiki za kabla ya Sikukuu zinakuja pale pale wageni wanapopungua. Kanga, vikoi, mikoba ya harusi, zawadi za kupeleka Bara: mteja huyu hana mtembeza wageni, hakuna asilimia 20. Atataka bei ya chini, sawa, lakini mpunguzie kiasi cha kamisheni hiyo na bado umefaidi.

Msichana wako usimguse kwanza. Mwanzo watu wote hukimbilia kupunguza mshahara, lakini wewe ukitoka kuuza vinyago Fumba au kutafuta ukili, nani atakaa dukani?

Sasa Paje. Shoga yako hajakosea kuona kwamba fedha imehamia kusini mashariki. Paje ina wageni wanaokaa wiki na miezi, wa kuteleza baharini kwa tiara na wanaofanya kazi kwa kompyuta, na hao hutembea kwa miguu na kununua wenyewe. Nungwi na Kiwengwa ni hadithi nyingine, maana mgeni aliyelipia kila kitu ndani ya hoteli ana sababu chache za kutoka getini. Lakini kuhama kunataka kilemba (fedha ya kuachiwa fremu), kodi ya mbele, matengenezo, usafiri wa kila siku au nyumba ya kulala, na masika ya Paje ni makali kuliko ya mjini, kwa sababu mjini kuna watu wa mjini. Ukiwa na deni hili, usihame. Jaribu kwanza kwa mali kauli: peleka kanga na mikoba kwenye duka dogo la hoteli au mgahawa wa kule, wauze, mgawane, kilichobaki ukichukue. Andikeni karatasi, kila mtu abaki na nakala. Msimu mmoja utakuonyesha kama Paje ni yako.

Tukijumlisha: duka linabakisha 1,160,000, kodi ikishuka, ongeza 1,200,000, unapata 2,360,000. Unachohitaji, benki ikikubali, ni milioni 4.2 na ada milioni 1.8, yaani milioni 6. Pengo ni milioni 3.64. Kwa ile 40, hiyo ni mauzo ya ziada ya kama 760,000 kwa mwezi. Linganisha na milioni 3.5 ukichukua mkopo mpya. Ni kazi kubwa bado, zaidi kidogo ya theluthi moja juu ya unavyouza sasa, lakini ni kazi ninayoweza kukuambia uijaribu bila kukudanganya. Ada zikipata msaada wa mume wako kwa mwaka mmoja tu, pengo linabaki nusu. Zungumza naye, kama hajui namba hizi.

Na kama haiwezekani? Weka mpaka sasa hivi, kichwa kikiwa kimetulia. Ukifika mwisho wa Oktoba, baada ya msimu mzima, wastani wa mauzo yako ya mwezi katika msimu huo ukiwa bado chini ya milioni 3.56 (zile 2,800,000 na 760,000 za ziada), au benki ikikataa kabisa kupanga upya na mwenye fremu akagoma, funga kwa mpangilio: uza mzigo ukiwa bado una thamani, rudisha fremu kabla kodi nyingine haijaanza, ukabaki na mali kauli na wateja wa harusi kutoka nyumbani. Wengi waliofunga 2020 walifunga kwa kufungiwa. Kufunga ukiwa na mzigo mkononi ni jambo jingine.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na haya nenda ana kwa ana. Kama dhamana ya mkopo ni nyumba ya familia, au ndugu ameweka saini kwa ajili yako, mwone wakili kabla ya kukubali mkataba wowote wa marekebisho. Makadirio yako ya kodi ya mapato TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kama bado yanasoma mauzo ya zamani, nenda na daftari uombe yarekebishwe. Na kwa ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) hakikisha hakuna malimbikizo ya kipindi ulichofunga. Kuhusu kutolala: ikiwa ni wiki kadhaa sasa, kama unakosa hamu ya kula au mawazo yanakupeleka pabaya, nenda kituo cha afya, na umwambie mtu wa karibu leo. Deni lina miezi 14, wewe una watoto.

Kabla ya benki, fanya daftari la wiki mbili. Kila siku: wangapi wameingia, wangapi wamenunua, nani kawaleta, wameulizia nini ambacho huna, wamelipa kwa kitu gani. Ukiona wengi wanaulizia kanga na kutoka mikono mitupu, una ushahidi wa kurudisha kanga. Ukiona hawaingii kabisa, mzigo si tatizo la kwanza. Chukua daftari hilo, karatasi ya hesabu tulizofanya hapa na mkataba wako wa mkopo, uende kwa ofisa mikopo asubuhi ya katikati ya mwezi, wakati hana foleni. Akikupa karatasi ya kusaini, ichukue nyumbani uisome na mume wako kwanza.